Madaftari Hayaishi, Siku Iishe

Jumapili saa moja usiku kiroba cha madaftari kiko pale pale ulipokiweka Ijumaa, nyuma ya mlango. Ulikibeba kwa nia njema. Ijumaa ulifika umechoka, Jumamosi ikaliwa na msiba na kufua, leo ibada na wageni. Ukipita kwenda jikoni unakiona, unageuza macho. Jumatatu alfajiri unakibeba tena kurudi nacho shule, kizito kama kilivyokuja, na kabla hujafika getini mabega yameshalegea.

Nimefundisha shule ya msingi miaka ya kutosha kukijua kiroba hicho kwa uzito wake. Ninamwandikia mwalimu ambaye siku hizi anaingia darasani kwa miguu tu, moyo umebaki nyumbani. Anayehesabu vipindi vilivyobaki kabla kengele ya kwanza haijalia. Umeshaambiwa ualimu ni wito. Umeshaambiwa upende kazi yako. Uliipenda, ndiyo maana inauma kuona haikusisimui tena.

Nimekuja kuamini kwamba kipindi cha darasani, hata kiwe na watoto tisini, hakimmalizi mwalimu kama inavyommaliza kazi isiyo na mwisho. Mkulima akimaliza ngwe yake anaegemea jembe na kuitazama. Fundi cherehani akikata uzi wa mwisho, gauni linavaliwa. Mwalimu akimaliza rundo la madaftari leo, kesho asubuhi rundo linarudi likiwa limekua. Hakuna atakayekuambia sasa imetosha. Mwisho wa siku yako itabidi uuweke mwenyewe, na mengi ya humu ni namna ya kuuweka.

Jua kwanza umechoka wapi

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu huu wa kazi kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa. Halikuuita ugonjwa. Limetaja alama tatu: nguvu kukauka, moyo kujitenga na kazi au kuanza kuidharau, na kujiona huna tena unachokifanikisha. Mwalimu anayewaita wanafunzi wake “hawa vilaza” kila anaporudi ofisini huenda hana roho mbaya. Huenda ni ile alama ya pili inasema.

Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye kipimo chake cha uchovu wa kazi kilitoka mwaka 1981, alianza kuichunguza hali hii kwa watu wanaohudumia watu. Baadaye yeye na mwenzake Michael Leiter walionyesha maeneo sita ya kazi ambako uchovu huanzia: wingi wa kazi, nafasi ya kuamua mwenyewe, malipo na shukrani, mahusiano na wenzako, haki, na yale unayoyaamini. Ninayataja kwa sababu moja. Mwalimu aliyechoka hujilaumu, hujiita mvivu, kumbe panapovuja ni mahali panapoonekana na pengine panazibika.

Kwa hiyo wiki mbili zijazo usibadilishe kitu. Chukua daftari dogo la kurasa 40, liweke mfukoni, na mara tatu kwa siku andika mstari mmoja: mapumziko ya saa nne, mwisho wa vipindi, na kabla ya kulala. Ulikuwa unafanya nini nguvu ziliposhuka? Ulikuwa na nani? Ulikuwa unafanya nini ulipojikuta umesahau saa? Hili swali la mwisho usiliruke hata siku moja. Mimi nilipofanya zoezi hili nilikuwa na hakika kwamba kinachonichosha ni Darasa la Tatu na kelele zao. Daftari likanionyesha kwamba siku zangu mbaya zote zilianza baada ya saa nane mchana, watoto wakiwa wameshaondoka, nikiwa nimebaki peke yangu na kalamu nyekundu.

Usiuache mwili nyuma

Yapo yasiyotibika kwa kupanga ratiba. Ukiwa unachoka kupanda mlima mdogo uliokuwa unaupanda ukiongea, ukiwa na kizunguzungu au moyo kwenda mbio, nenda kituo cha afya wakapime wingi wa damu, sukari, shinikizo la damu na malaria. Mama mwenye hedhi nzito anaweza kuishi miaka na upungufu wa damu akidhani ni uzee au kazi. Mwajiriwa wa serikali anakatwa bima ya afya kila mwezi. Kadi hiyo usiisubirie kulazwa.

Baada ya hapo tazama asubuhi yako. Walimu wengi huondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu bila kitu tumboni, wakingoja chai ya saa nne. Hayo ni masaa matano tangu kuamka, mawili kati yake ukiwa umesimama na kupaza sauti. Kiazi kimoja cha jana usiku na kikombe cha uji vinatosha kubadilisha kipindi cha kwanza. Chai ya rangi ya jioni nayo uitazame: nusu ya kafeini yake inaweza kuwa bado mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na mbili kinakuwa nawe kitandani.

Na sauti. Hili halisemwi vya kutosha. Kupigania usikivu wa watoto themanini kwa koo ni kazi ya nguvu kama kupiga jembe, na mwalimu anayerudi nyumbani hana hamu ya kuongea na wanawe mwenyewe mara nyingi ameimalizia sauti yake shuleni. Wafundishe watoto ishara moja ya makofi wanayoiitikia, ifanyieni mazoezi wiki nzima mpaka iwe damuni, kisha usiongee kamwe juu ya kelele. Piga makofi, ngoja. Simama kimya mpaka mstari wa nyuma unyamaze. Siku tatu za kwanza utaona unapoteza muda. Baadaye unaupata wote. Chupa ya maji iwe juu ya meza, na maagizo mafupi yaandikwe ubaoni badala ya kurudiwa mara tano.

Hesabu ya kalamu nyekundu

Tuje kwenye kiroba. Chukua mwalimu wa Hisabati mwenye mikondo miwili, kila mmoja watoto 80. Hayo ni madaftari 160. Mpe dakika mbili kwa kila daftari, bila kunywa maji wala kusalimiwa na mtu: dakika 320, yaani saa tano na dakika ishirini kwa zoezi moja. Akitoa zoezi kila siku ya juma anahitaji zaidi ya saa 26 za kusahihisha peke yake, nje ya vipindi, maandalio ya somo, daftari la mahudhurio na zamu. Kiwango cha serikali hapa Tanzania kwa shule ya msingi ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wengi waliokuwa wamebaki nyumbani waliingia shule, jambo la heri kabisa, lakini maeneo mengi idadi ya walimu haikukimbia pamoja nao. Kazi hii haitoshi kwenye siku. Siku haikutoshi wewe, haikumtosha aliyekutangulia kwenye dawati hilo, na kujilaumu hakutaongeza saa.

Fanya hivi. Zoezi la kila siku liwe fupi, maswali matano yaliyochaguliwa vizuri badala ya kumi na mawili ya kujaza ukurasa. Watoto wanapoandika, usikae. Zunguka na kalamu kati ya madawati, uweke vema au duara hapo hapo, mtoto akiona. Mtoto aliyeambiwa kosa lake penseli ikiwa bado mkononi hulirekebisha. Aliyeambiwa baada ya siku nne ameshasahau hata swali. Ukishapita madawati ya kutosha, majibu yafanyiwe ubaoni, watoto wabadilishane madaftari na kusahihishana kwa penseli. Usiwaache wacheke alama za mwenzao; hilo lisemee tangu siku ya kwanza.

Kisha kila siku kusanya safu moja tu kwa kila mkondo, watoto 16. Hao ndio unaokwenda kuwasoma kwa makini, dakika tatu kila mmoja, ukimwandikia kila mtoto neno lake. Madaftari 32 kwa dakika tatu ni saa moja na dakika 36. Mpaka Ijumaa umewasoma watoto wako wote 160, kila mmoja mara moja kwa juma, na umewasoma kweli. Fanya kazi hiyo shuleni, mezani, kabla ya kuondoka. Madaftari yasivuke geti.

Najua kitu kinachokujia kichwani: mdhibiti ubora akija akakuta vema za penseli? Mwalimu mkuu je? Usisubiri ukutwe. Nenda kwa mwalimu wa taaluma ukiwa na mpango wako umeuandika kwenye karatasi moja, umweleze kwa heshima: “Mwalimu, darasa langu lina watoto themanini. Nimepanga kila mtoto nimsahihishe kwa undani mara moja kwa juma, na siku nyingine wasahihishane mimi nikizunguka. Naomba unitazamie kwa mwezi mmoja, tuone mazoezi yao yanakwendaje.” Umemwonyesha hesabu, umempa muda, na umemwachia nafasi ya kusema. Wakuu wengi waliowahi kushika chaki wanaielewa hesabu hiyo mara moja. Akikataa, angalau mtakuwa mnazungumzia wingi wa kazi mezani, mahali panapostahili.

Wiki ya zamu ina sheria zake. Mwalimu wa zamu anayefungua geti, anayesimamia usafi, anayehesabu sahani za uji na kuandika taarifa jioni hawezi pia kutoa insha ya ukurasa mzima kwa Darasa la Sita. Ukijua zamu yako inaangukia wiki gani, iandike kwenye azimio la kazi mapema, na wiki hiyo weka masomo ya kusoma kwa sauti, majadiliano na marudio.

Funga siku

Dakika kumi za mwisho ofisini ndizo ninazokuomba uzilinde kuliko zote. Toa lile daftari dogo. Andika mambo matatu: kilichokamilika leo, kitu cha kwanza utakachofanya kesho ukifika, na jina la mtoto mmoja aliyesogea hatua.

Hicho kitu cha kwanza cha kesho kiandike kwa uwazi. “Kuandaa somo” ni mzigo. “Kuchora mchoro wa mmea kwenye manila kabla ya paredi” ni kazi. Watafiti wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, walionyesha katika utafiti waliouchapisha mwaka 2011 kwamba shughuli ambayo haijaisha huendelea kumgonga mtu kichwani, lakini akiiwekea mpango mahususi kelele hiyo hupungua hata kama kazi yenyewe bado haijafanyika. Nililijaribu kabla sijajua kwamba limechunguzwa. Usingizi wa Jumapili ndio uliobadilika kwanza.

Jina la mtoto ni habari nyingine. Mwaka huo huo wa 2011 Teresa Amabile na Steven Kramer walitoa kitabu kilichotokana na maandishi ya kila siku ya wafanyakazi 238 wa ofisi mbalimbali, karibu maandishi 12,000. Walichogundua ni kwamba siku ambazo watu walikuwa na ari kubwa zilikuwa hasa zile walizosogeza mbele kazi yenye maana kwao, hata kwa hatua ndogo. Fikiria kazi yetu kwa macho hayo. Maendeleo ya mtoto ni ya polepole, yamefichwa ndani ya wenzake sabini na tisa, na siku inapoisha mwalimu anakumbuka waliomsumbua. Usipoyatafuta huyaoni.

Nikupe mfano. Palikuwa na mtoto wa Darasa la Pili, anakaa dawati la dirishani, mpole mpaka unamsahau. Mpaka Mei alikuwa akisoma silabi nyepesi: ba, ma, ta. Akifika kwenye “ng'o” anafunga mdomo na kutazama nje. Siku moja nilikuwa nikizunguka na kalamu yangu, nikamwinamia. Kidole chake kilikuwa juu ya picha ya ng'ombe, kucha ina udongo, na midomo inatembea bila sauti. Akasema “ng'o”. Akanyamaza. Akasema “mbe”. Kisha akaniangalia usoni kama mtu aliyeokota hela njiani, anaogopa kuulizwa ameitoa wapi. Nikamwambia, “Rudia.” Akarudia kwa sauti, na dawati zima likageuka. Jioni ile ofisini palikuwa na habari mbaya za makato ya mshahara, wenzangu wamenuna, nami ningenuna pamoja nao na kusahau. Lakini daftari lilikuwa mfukoni, nikaandika jina lake na neno “ng'ombe”. Bado ninalo.

Andika jina moja kila siku ya shule, mpaka mwisho wa muhula utakuwa na majina zaidi ya themanini. Siku moyo unapokwama, fungua usome.

Wenzako, na maneno ya ofisini

Ofisi ya walimu yaweza kuwa kivuli au jua kali. Tukikaa tunasemana na kuwasema wengine, tunaondoka wazito kuliko tulivyoingia. Malalamiko ya haki yapo: madaraja yaliyochelewa kupanda, uhamisho unaosubiriwa miaka, nyumba inayovuja. Hayo yapelekwe kwenye chama cha walimu, kwa mwalimu mkuu, kwa ofisa utumishi, kwa barua yenye tarehe na nakala ubaki nayo. Lalamiko lenye barua linakuachia nguvu ya kazi nyingine. Lalamiko la kurudiwa kila saa nne juu ya kikombe cha chai linazila.

Ninachokuomba uongeze ni kuingia darasani kwa mwenzako. Mtafute mwalimu mmoja ambaye watoto wanakimbilia kipindi chake, uombe kukaa nyuma dakika arobaini. Kisha umwalike kwako. Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umejengwa juu ya wazo hilo hilo la walimu wa shule moja kukaa pamoja na kujifunza, lakini si lazima usubiri ratiba ya kikao. Upweke wa kazi yetu ni wa ajabu: tumezungukwa na watu mia, hakuna mtu mzima anayetuona tukifanya vizuri.

Na kwa juma, kipindi kimoja kifundishe kama unavyotamani kufundisha. Mada ni ile ile, njia iwe yako. Kama unapenda bustani, eneo la mstatili lipimwe kwa kamba kwenye matuta ya mchicha. Kama unapenda kuimba, mikoa iimbwe. Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliowasikiliza wasafishaji wa hospitali moja Marekani na kuandika habari zao mwaka 2001, walikuta wapo waliojiona sehemu ya uponyaji wa wagonjwa na kuipanga kazi yao hivyo, wakati wenzao wa wodi hizo hizo waliona sakafu tu. Kona hiyo moja unayoiamua mwenyewe huwa na uzito mkubwa kuliko muda wake.

Deni na likizo

Mshahara unaoishia kwenye makato siku ile ile unavunja moyo wa kazi kuliko mkuu mkali. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi abakiwe na walau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Mikopo ya mtaani, ile ya kausha damu, iko nje ya hesabu hiyo, ndiyo maana inaua. Kaa na mwenzi wako au mtu unayemwamini, orodhesheni madeni yote kwenye karatasi moja, lenye riba kubwa juu, na msichukue jipya kulipia la zamani. Kama kuna SACCOS ya walimu, ulizeni kabla ya kwenda mtaani.

Likizo ni haki, siku 28 kwa mwaka, na kwa kawaida ya kwetu huangukia shule zikiwa zimefungwa. Walimu wengi huijaza tuisheni toka siku ya kwanza, na ninaelewa kwa nini. Basi angalau wiki ya kwanza iwe yako. Lala. Toka kwenye kundi la WhatsApp la shule, au lizime sauti. Nenda kwa mama.

Kama umefanya hayo na bado, kwa zaidi ya wiki mbili, huzuni haiondoki, hulali au unalala kutwa nzima, chakula hakishuki, au mawazo ya kutoishi yakikujia hata siku moja, usihangaike tena na ratiba. Mwambie mtu leo, na uende hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na mwalimu anapokelewa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Wiki zako mbili za daftari dogo zikiisha, usianze yote. Anza na safu moja, watoto 16, wa karibu na mlango. Wasahihishe mezani kabla ya saa tisa, andika mistari yako mitatu, funga kabati, ufunguo mfukoni. Mikono yako itakuwa mitupu njiani, na siku za mwanzo utajihisi umesahau kitu. Mimi nilikuwa nikigeuka nyuma mpaka kwenye mwembe. Kiroba changu sasa nawekea mkaa.